Figo la Orpa, Jina la Eliane

“Kati yenu ninyi watatu kuna mmoja ananidanganya,” alisema Docteur Zacharie, na hapo ndipo ukurasa ulituishia wiki jana.

Mashine ya kusafisha damu ilikuwa inanguruma pembeni ya kitanda. Damu ya Eliane ilitoka kwa mrija mmoja na kurudi kwa mwingine. Mume wake, Gamaliel Kasika, yule muuza viazi wa Musienene, alikuwa anatazama viatu vyake kama ndiyo mara ya kwanza anaviona.

Daktari akatandaza karatasi mbili juu ya shuka, pale kwenye magoti ya mgonjwa.

“Hii ni damu ya Mama Bénite.” Ndivyo alivyomwita Eliane, kwa jina la mtoto wake wa kwanza. “Safi. Ebola haikupita humu hata siku moja. Hii ingine ni ya mudogo wake Orpa, mwenye anataka kumupatia figo. Hapa Ebola ilipita. Alama iko, na haifutike.”

“Ah bon,” akasema Gamaliel.

“Mais ku liste ya bantu benye balipona, kule Beni, jina ya Orpa haiko. Jina yenye iko ni Eliane Kaswera. Aliingia Mangina mwezi wa nane, 2018. Alipona, alipewa certificat. Sasa munieleze. Mutu mwenye hakuugua, alipona nini?”

Orpa alikuwa amesimama karibu na dirisha, kitambaa kichwani, mikono kifuani.

“Bale ba hospitali ya ng'ambo, kule Eliane atawekewa figo, bameona hiyo,” daktari akaendelea. “Unajua banafikiri nini? Banafikiri Orpa hapana ndugu. Banafikiri mulinunua musichana njiani, mukamuvalisha jina ya familia, mumukate figo. Biashara kama hiyo banaiona kila siku. Comité yao inakaa leo saa kumi. Kama hawajapata karatasi yenye cachet, muhuri ya serikali, ya kueleza hii majina, dossier inafungwa. Na ikifungwa...”

Akaitazama mashine.

Kliniki ile ilikuwa na mashine mbili kwa wagonjwa kumi na tisa. Eliane alitakiwa kulala hapo mara tatu kwa wiki. Alikuwa analala mara moja, ikipatikana, kutwa nzima, kufidia zile mbili. Miguu yake ilikuwa imevimba hata haiingii tena katika viatu vya mumewe. Daktari alikwisha kusema: bila figo jipya, wiki sita. Na hiyo ilikuwa wiki mbili zilizopita. Wakubwa wetu wakiumwa jino wanapanda ndege. Mke wa muuza viazi anapanga foleni ya damu yake mwenyewe.

“Docteur,” akasema Orpa, “ni mimi niliuguaka.”

“Nyamaza, Orpa,” akasema Eliane pale kitandani.

“Ninyamaze mpaka siku gani, yaya, mukubwa wangu? Mpaka tukuzike?”

“Na jina ya dada yako uliitosha wapi?” daktari akamuuliza.

Orpa akatazama chini. Angeweza kutaja mtu. Hakutaja. Lakini ule ukimya wake ulitembea chumbani polepole, ukapita kitanda, ukapita mashine, ukaja kusimama mbele ya Gamaliel.

“Ni mimi njo nilimupeleka,” akasema Gamaliel.

Basi akasema yote, bila kuinua kichwa.

Mwaka ule Orpa alikuwa mchumba wa Ésaïe Maliro, mpasua mbao wa Beni. Mbuzi za mahari zilikwisha kufungwa kamba. Homa ikamshika Orpa huko Mangina, na kila mtu alijua homa ya Mangina wakati ule ni ya nini. Ukoo wa Ésaïe wangesikia, mbuzi zingerudi nyumbani siku ileile. Nani angeoa msichana aliyelala katika mahema ya Ebola? Ndipo Gamaliel akapata akili. Eliane alikuwa ameolewa tayari, hakuna mbuzi wa kurudishwa. Na sura za wale ndugu wawili ni kama maharage mawili ya ganda moja. Akachukua carte d'électeur, kadi ya kupigia kura, aliyopewa na mke wake, akampandisha Orpa kwenye pikipiki, na alipofika mlangoni kwa wale waliovaa kama watu wa mwezini, akasema: “Huyu ni bibi yangu, Eliane Kaswera.” Picha ya ile carte ilikuwa nyeusi kama masizi. Hawakuitazama mara mbili.

“Papa Bénite,” daktari akasema polepole, “wakati ule ulifikiri uko unafanya nini?”

“Nilifikiri mbuzi, docteur.”

Daktari akavua miwani. Akaifuta, akaivaa tena.

“Ni saa ine na nusu. Enda Beni na Orpa, ku bureau ya balipona. Bakuandikie kama Eliane wa ile liste ni Orpa. Signature, cachet, unanitumia photo ku WhatsApp. Mbele ya saa kumi. Saa kumi na dakika moja, haina maana tena.”

Eliane akamshika mumewe kidole kimoja tu, kwa sababu mkono mzima ulikuwa mzito kwake kuinua.

“Usiende mbio,” akasema. “Ile barabara inakulaka bantu.”

Gamaliel alienda mbio.

Kutoka Butembo, iliko kliniki, hadi Beni ni kilomita hamsini na kitu, na vumbi lake lilikuwa jekundu, linaingia hadi kwenye meno. Orpa alikuwa nyuma, amemshika kiuno.

“Shemeji! Polepole! Ukiniangusha figo moja itapasuka, na ile ingine yaya anaingoja!”

“Shika vizuri!”

“Nimeshika! Wewe shika njia!”

Wakapita lori la mbao. Wakapita askari wawili wanaosukuma pikipiki iliyokwisha mafuta. Orpa akamsogelea sikio.

“Unakumbuka ulivyokuwa unapiga kelele kule Mangina? Ulisimama mbele ya gari ya bale ba kuzika. Ulisema: fungueni hii sac ya maiti, tuone kama moyo iko, tuone kama mafigo iko, munaenda kuuzisha!”

“Wacha hiyo, Orpa.”

“Siwachi. Leo wewe njo unatafuta figo Butembo muzima.”

Gamaliel alijua ni kweli. Alipiga kelele ile, na watu mia moja walipiga kelele naye. Hakuna mkubwa aliyekuwa amekuja kukaa nao chini na kuwaeleza kitu. Walikuja na magari meupe, wakachukua maiti, wakaondoka. Kama mtu hakuelezwa, atajieleza mwenyewe, na atajieleza vibaya. Na tangu siku zile, ukitaja kutoa kiungo cha mtu Beni, watu wanaokota mawe. Wanaouawa na waasi njia ya Eringeti wanazikwa na mafigo mazima mawili, na ndugu zao wanaona wamewatendea heshima. Gamaliel naye, mwaka jana tu, angeona hivyohivyo.

“Shemeji,” Orpa akasema tena, na safari hii sauti yake haikuwa na mzaha. “Papa Shalom hajue.”

Papa Shalom ni Ésaïe, mume wake. Shalom ni mtoto wao wa kwanza.

“Hajue nini? Si alikubali utoe figo?”

“Alikubali figo. Ebola hajue. Miaka saba simuambiake.”

“Hatutamutafuta. Tunachukua cachet, tunarudi.”

Ndivyo alivyofikiri, maskini.

Bureau ya waliopona ilikuwa nyumba ya mabati nyuma ya ghala la kakao. Mkuu wake aliitwa Henri, mtu mnene mwenye sauti laini, anakula karanga juu ya rejista. Akawasikiliza vizuri sana. Akawapa viti. Akapangusa maganda, akafungua lile buku kubwa, akaweka kidole.

“Eliane Kaswera. Mangina. Guérie, alipona. Kisha alikuja hapa miaka miwili, kila miezi mitatu, kutoa damu ya recherche, ya utafiti. Mutu muzuri, hakukosaka hata rendez-vous moja.”

“Ni mimi nilikuwa nakuja,” akasema Orpa.

“Mama, buku haiseme vile.”

“Wewe mwenyewe ulikuwa unanipatia sabuni na mafuta! Siku moja ulinipatia Fanta sababu nilianguka!”

Henri akamtazama sana. Akatabasamu.

“Ile Fanta naikumbuka. Mama, mimi nakuamini. Mais cachet yangu haiamini mutu.”

“Chef,” Gamaliel akasimama, “ni mimi niko mbele yako, nakuambia nilidanganya.”

“Ulidanganya. Unasema mwenyewe. Sasa nimuamini yupi, wewe wa 2018 ama wewe wa leo?”

Gamaliel akakaa.

“Angalia hapa,” Henri akageuza buku. “Imeandikwa: bwana yake ni Gamaliel Kasika. Donc kwa serikali, huyu mama mwenye anakaa hapa ni bibi yako. Nikiandika hapana, ni Orpa, kesho mutu atakuja kuniuliza: ulimutosha wapi? Nitafungwa mimi. Muniletee bwana yake wa kweli, na acte de mariage. Aseme: huyu ni bibi yangu, jina yake ni Orpa, njo yeye aliugua. Akisaini, napiga cachet palepale.”

“Chef, hakuna njia ingine?”

“Iko. Munaandika barua Kinshasa.”

Hata yeye mwenyewe alicheka. Saa ilikuwa saba kasoro. Orpa akatoa simu. Vidole vyake vilikuwa vinatafuta jina la mume wake kama halimo.

“Papa Shalom? Uko wapi? ... Kuja ku bureau ya balipona Ebola. Beba acte de mariage yetu. ... Utaona nikikuambia. Kuja tu.”

Ésaïe Maliro alifika saa nane na nusu, unga wa mbao kichwani na kwenye nyusi, karatasi ya ndoa ndani ya plastiki mfukoni. Ni mtu mrefu, mpole, wa kwaya, anayesema maneno kumi kwa siku na mawili kati ya hayo ni amina. Akasalimia kila mtu. Hakukaa.

Orpa akamwambia. Alimwambia akiwa amesimama, wamekaribiana, kana kwamba Henri na Gamaliel hawamo.

“Mwezi gani?” akauliza Ésaïe.

“Wa nane.”

“Wa kumi tulifunga ndoa.”

“Ndiyo.”

“Ulisemaka uko Lubero kwa shangazi, unavuna viazi.”

“Ndiyo.”

“Nilikuja Lubero.”

Orpa akainua macho. Hilo hakulijua.

“Nilibeba kitenge na sabuni,” Ésaïe akasema. “Nikapanda lori siku mbili. Nikafika kwa shangazi yako, akakosa cha kusema. Akasema uko shamba. Nikangoja mpaka jua ikashuka. Haukurudi. Nikaelewa.”

“Ukaelewa nini?”

“Kama uko na mwanaume mwingine.” Akapangusa nyusi. “Nikarudi. Nikakuoa hivyohivyo. Miaka saba, Orpa, ukichelewa soko, mimi naona ule mwanaume. Shalom alizaliwa, nikahesabu miezi. Nikahesabu tena. Kumbe ilikuwa Ebola.”

Akacheka. Kilikuwa kicheko kibaya, na Gamaliel alitamani ardhi ile ya Beni ipasuke immeze pamoja na carte d'électeur zote za Kongo.

“Papa Shalom,” akaanza, “mimi njo...”

“Wewe nyamaza kwanza,” akasema Ésaïe, bila hasira. Akamgeukia Henri. “Nasaini wapi?”

Akasaini. Henri akaandika nusu ukurasa kwa Kifaransa, herufi nzuri za mtu aliyesoma kwa masista, akapiga cachet mara mbili, moja juu na moja chini. Ilikuwa saa kumi kasoro dakika ishirini.

Gamaliel akapiga picha. Picha ikatoka na ukungu. Akapiga nyingine. Akatuma.

WhatsApp ikakataa kuituma. Réseau hakuna, mtandao umelala.

“Toka inje,” Henri akasema, “pale ku ukuta ya kakao inashikaka.”

Wakatoka wote wanne. Gamaliel akainua simu juu kama anaionyesha kwa Mungu. Kasoro dakika kumi na tano. Bado haijaenda. Kasoro kumi. Orpa akapanda jiwe, akamnyang'anya simu, akainua yeye. Kasoro nane.

“Imeenda! Alama mbili!”

Muda si mrefu zikageuka bluu. Docteur Zacharie akajibu kwa neno moja: Bien.

Henri akatoa karanga, akawagawia. Wakala wakiwa wamesimama ukutani, na hakuna aliyesikia ladha yake. Saa kumi ikafika, ikapita. Saa kumi na robo. Saa kumi na dakika ishirini na tano simu ikalia, na Gamaliel akaweka sauti kubwa ili wote wasikie.

“Papa Bénite,” sauti ya daktari ikasema, “majina bameyakubali.”

Orpa alipiga vigelegele, hata mbuzi za jirani zikakimbia. Gamaliel akamkumbatia Henri, tumbo lote lile. “Wasingya! Chef, asante, wasingya!” Machozi yalimtoka, hakujali.

“Ngoja,” sauti ikasema. “Papa Bénite, ngoja. Sijamaliza.”

Vigelegele vikakatika.

“Bameamini kama Orpa ni ndugu. Bameamini hakuna mutu alinunuliwa. Mais sasa ni wazi kama mwenye kutoa figo ni mutu alipona Ebola. Na bamesema mutu alipona Ebola, figo yake habaichukue.”

“Mais alipona!” Gamaliel akapiga kelele. “Docteur, alipona! Cachet inasema alipona!”

“Ninajua. Banasema kile kidudu kinaweza kujificha. Mu macho, mu ubongo, pengine fasi ingine. Eliane akipewa figo, atakunywa dawa ya kulaza nguvu ya mwili, mwili isiikatae. Kama kidudu kiko humo kimelala, nani atakizuia? Atakufa yeye, na pengine badaktari bote ba hospitali.”

“Kiko ndani ya figo ama hakiko?”

“Habajue.”

“Namna gani habajue?”

“Hakuna mutu alifanya recherche hiyo, Papa Bénite. Basi banasema hapana. Hata mimi, ningekuwa kule, ningesema hapana.”

Orpa akaisogelea simu kama anataka kuiuma.

“Docteur, mimi nilitoa damu miaka miwili! Kila miezi mitatu, chupa ine! Nilikuwa nadanganya bwana yangu kama naenda kuuzisha majani ya sombe, kumbe nakuja kutoa damu ya recherche! Bilisema nini, bile bichupa? Baulize!”

“Niliuliza, Orpa. Leo saa tano, mulipokuwa njiani, niliogopa batauliza hii, nikatafuta bale ba recherche. Banasema damu iko inahifadhiwa mu frigo, mbali, ng'ambo ya bahari. Balitafuta ndani yake mambo ya chanjo. Mambo ya figo hakuna mwenye aliulizaka.”

Hakuna mwenye aliuliza! Msomaji, soma tena hapo. Walikuwa na damu, walikuwa na mabarafu na ndege za kuisafirisha, walikuwa na mikutano katika hoteli zenye bwawa. Waliopona Beni, Butembo na Mangina ni mamia. Wana ndugu, na ndugu wanaugua mafigo kama watu wengine wote. Swali hilo angeliuliza mama yeyote wa sokoni. Lakini mama wa sokoni haalikwi hotelini.

Henri akaingia ndani, akalifunga buku lake. Walimsikia anavuta kiti.

Gamaliel alikuwa ameshika ile karatasi yenye cachet mbili. Asubuhi aliitafuta kama mtu anayetafuta hewa. Sasa ndiyo iliyosema wazi, kwa Kifaransa kizuri, kwamba figo la Orpa halifai. Alijitahidi kupata kosa lake liko wapi, kama ni la leo au la miaka saba, na akaona hata bila uongo wake jibu lingekuwa lilelile. Hilo halikumpa faraja hata kidogo. Mtu mwenye kosa anaweza kuomba msamaha. Yeye hakuwa hata na wa kumwomba.

“Docteur,” ikasema sauti ambayo haikutegemewa. “Mimi sikuuguaka Ebola.”

“Nani anasema?”

“Ésaïe. Bwana ya Orpa.”

“Group yako ya damu?”

“O. Nilitoa damu mara mbili, wakati ya bantu ba Eringeti benye majeraha balipoletwa.”

Kule upande wa pili karatasi zikasikika zinapinduliwa kwa haraka. Eliane alikuwa O. Gamaliel alipimwa mwezi wa kwanza kabisa, akakutwa B, akalia siku mbili. Kaka yao wa pekee aliuawa shambani. Alibaki Orpa. Hakuna aliyefikiri kumuuliza mpasua mbao, kwa kuwa hakuna aliyetaka kumwingiza karibu na dossier ile.

“Shemeji wa mugonjwa, na ndoa iko na karatasi,” daktari akasema, na sauti yake ilikuwa imeanza kupanda. “Hiyo banaisikilizaka. Si rahisi, mais banaisikilizaka. Comité inakaa tena siku nane zijazo. Papa Shalom, unajua uko unasema nini? Batakukata tumbo.”

“Mimi nakataka miti kila siku, docteur. Najua kukata ni nini.”

“Papa Shalom...” Orpa akamshika shati.

“Niwache. Sijasema nimekusamehe. Nimesema group yangu ni O.”

“Bon,” daktari akasema. “Mugonjwa lazima akubali yeye mwenyewe. Niko naye hapa, telefone ilikuwa inasema kwa sauti. Mama Bénite, umesikia?”

Pumzi ikasikika kwanza. Kisha Eliane.

“Nimesikia yote.”

“Eliane!” Gamaliel akaita. “Umesikia? Iko figo! Ya Papa Shalom!”

“Hapana,” akasema Eliane.

“Namna gani hapana?”

“Ule mutu tulimufanya mujinga miaka saba. Mimi nilitoa carte, wewe ukatoa akili. Alilala na mashaka juu yetu, akamuhesabia mutoto wake miezi. Leo nimuambie: asante, lete na figo?”

“Yaya,” Ésaïe akainama kwenye simu, “ni mimi mwenyewe nimesema.”

“Umesema juu uko mutu muzuri. Mimi siwezi kumumaliza mutu muzuri. Na kule ng'ambo, wakisema tena hapana? Na kisha ya hapo batafute nani, mutoto wangu Bénite?” Akapumzika. Kila neno lilikuwa linapanda mlima. “Gamaliel, kuna mama mumoja hapa mulangoni, ametoka Musienene kwa miguu. Iko na batoto batano. Mashine hazitoshi. Anangoja mimi nimalize.”

“Saa zako hazijaisha! Daktari alisema mpaka saa kumi na mbili!”

“Nimemuambia aingie.”

“Eliane, sikiliza, tunakuja, usifanye kitu, tunakuja...”

“Mupike viazi vizuri pale nyumbani. Bénite anapendaka ile yenye...”

Sauti ya daktari ikaingia kwa mbali, juu, kali: “Mama! Huo mrija! Wacha huo mrija! Infirmière! Muuguzi!” Kitu cha chuma kikaanguka. Watu wakakimbia. Kisha ile sauti ndefu ya simu iliyokatika.

Gamaliel akapiga tena. Haipatikani. Akapiga tena. Haipatikani.

“Ni saa kumi na moja kasoro,” akasema Ésaïe. Alikuwa tayari juu ya pikipiki ya Gamaliel, ameshika usukani, injini inanguruma. “Barrière ya askari inafungwa saa kumi na mbili. Nitamuuliza uso kwa uso, atanikatalia nikiwa mbele yake. Pandeni bote wawili. Papa Bénite, panda!”

Gamaliel akapanda nyuma yake.

Hapo simu ikalia.

Ilikuwa namba ya Docteur Zacharie. Gamaliel akaitazama inavyotetemeka kiganjani. Ikalia mara tatu, mara nne. Kidole chake kilikuwa juu ya kitufe cha kijani, na hakikushuka.

Orpa akamnyang'anya.

“Allô, docteur?”

Akasikiliza. Upepo ulikuwa unapeperusha kitambaa chake, akakishika kwa mkono mmoja. Aliitika mara moja tu, “ndiyo”, kwa sauti ya mtoto wa shule. Akaendelea kusikiliza hata baada ya ile sauti ya kule kunyamaza.

Kisha akamgeukia mume wake, akaweka mkono juu ya mkono wake wenye unga wa mbao, pale kwenye usukani.

“Papa Shalom,” akasema, “yaya ametuacha. Zima moteur.”